Mwaka mmoja na kalamu ya Jumapili: maoni ya muuza mahamri wa Majengo

Nianze na ngazi, maana hizo ndizo mizani yangu. Binti yangu anakaa Isili, hapa hapa Nairobi, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake "inatengenezwa" tangu siku aliyohamia. Vidato ni 72. Mwaka jana mwezi kama huu nilikuwa napanda 18, nasimama, namshika mjukuu begani, nasingizia natafuta simu kwenye mkoba. Simu yenyewe iko mkononi. Jumamosi iliyopita nimepanda vyote 72 na nimesimama mara moja tu, tena kwa sababu jirani wa ghorofa ya pili alinisalimu, na salamu za Kisomali hazijibiwi huku unapita.

Kati ya siku hizo mbili kuna sindano ya kila wiki, inayochomwa kwa kifaa kama kalamu, ile mnayoiona kwenye simu zenu wadada wakijipimia viuno. Mimi sikuitaka kwa kiuno. Kiuno changu kilishaaga zamani na tuliagana kwa amani. Niliandikiwa kwa ajili ya moyo. Watu wa Majengo wameniuliza sana, wengine kwa mapenzi na wengine kwa umbeya, kwa hivyo naandika hapa mara moja yaishe. Jina la biashara silitaji. Kilichomo ndani kinaitwa semaglutaidi, na hilo ndilo neno la kutafuta kwenye boksi.

Nina miaka 61. Nauza mahamri na mbaazi za nazi si mbali na Msikiti wa Riyadha, na chapati za oda, kwa miaka 27 sasa. Uzito wangu ulikuwa kilo 104. Kwanza ilikuwa miguu: jioni nikivua ndara, mikanda yake imeacha mifereji kwenye nyama. Halafu ikawa kulala. Mto mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu, na nikilala chali ni kama mtu amenikalia kifuani. Nilikotibiwa mwanzo niliambiwa ni pumu. Mara ya pili nikaambiwa ni asidi ya tumbo. Mara ya tatu daktari kijana, hata hakuninyanyulia macho, akasema, "Mama, ni umri." Nikamlipa pesa za kuniambia umri wangu.

Aliyenipima eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, alikuwa daktari wa nne. Akanipaka ule mtelezi wa baridi kifuani, akageuza kioo nami nione, akasema moyo wangu unasukuma asilimia 58 ya damu inayoingia chumba cha kushoto, na kwamba ikizidi 50 ni sawa.

"Kwa hivyo mzima?" nikauliza.

"Hapana, Mama. Kusukuma unasukuma. Shida yake haulegei."

Hapo nilielewa kabla hajamaliza. Wanaopika chapati wanajua. Ukishakanda, donge lazima lipumzike. Lisipopumzika, ukilisukuma na kifimbo linatanuka kidogo kisha linajirudi, linakuwa dogo tena, na hata uwe na mikono ya chuma halitafika ukingo wa kibao. Moyo wangu ndio donge lile. Ukuta wake umekuwa mgumu kwa presha ya miaka na huu unene, basi kila baina ya pigo na pigo haufunguki ukajaa vizuri. Damu ya kuingia inapanga foleni nyuma, inarudi kwenye mapafu, ndiyo ile mito mitatu. Nikamwambia daktari hivyo, na tangu siku hiyo anawaeleza wagonjwa wengine kwa mfano wa chapati. Sijamdai chochote.

Karibu nusu ya wanaoambiwa moyo wao umedhoofika wana huu wa kwangu, mgumu. Nusu nyingine wana ule uliolegea ukatanuka, misuli imechoka, haisukumi. Yashikeni hayo mawili, maana kuna jambo la mdogo wangu huko chini.

Sasa sindano yenyewe. Mjukuu wangu anasomea uuguzi, na ndiye aliyenikalisha akanieleza. Chakula kikifika mwisho wa utumbo mdogo, utumbo hutoa homoni, wao huiita GLP-1. Homoni hiyo inaliambia kongosho litoe insulini, inaliambia tumbo lisimwage chakula haraka, na inauambia ubongo umeshiba. Ile ya asili huvunjwavunjwa ndani ya dakika chache. Hii ya kwenye kalamu imeundwa ifanane nayo lakini idumu, ndiyo sababu huchomwa mara moja kwa wiki.

Akaniambia na habari ya mjusi. Kuna mjusi mkubwa wa majangwa ya Marekani na Meksiko, mate yake yalikutwa na kitu kinachofanana na homoni hii, na dawa ya kwanza ya ukoo huu, eksenataidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na kitu hicho. Nikamkatiza. "Unataka nyanya yako achomwe mate ya mjusi?" Akacheka mpaka akakohoa. Hii ya kwangu, alisema, haina mjusi. Inatengenezwa kwa hamira. Kiwandani hamira hupewa maelekezo ya kutengeneza protini, kisha protini hiyo huchujwa na kuongezwa vitu ili idumu. Hamira! Ndiyo hiyo ninayoumulia mahamri tangu sijaolewa. Hapo nikatulia.

Mtoto huyu akianza hanyamazi. Akanieleza kwamba homoni ya kwanza kabisa kujulikana duniani ilikuwa ya utumbo pia, sekretini, London mwaka 1902, na waliogundua ni Bayliss na Starling. Na huyo Starling ndiye aliyekuja kueleza kwamba moyo kadiri unavyojaa ndivyo unavyosukuma kwa nguvu zaidi. Baadaye wagonjwa wa moyo dhaifu walitiwa hiyo sekretini mshipani, mishipa ikalegea na moyo ukatoa damu zaidi kwa muda. Haikugeuka dawa ya moyo. Lakini mimi nilipenda kusikia kwamba tumbo na moyo wamekuwa wakizungumza siku zote. Mama yangu alikuwa akisema hivyo hivyo, bila London.

Haya, ununuzi. Kalamu ya kwanza nilikwenda kuiulizia mjini, duka lenye taa nyingi na kijana aliyevaa koti jeupe. Hakuniuliza cheti cha daktari. Akaitoa kwenye kabati la kioo, jua la saa nane likilipiga kabati lote, na bei akaitaja chini sana. Mimi mfanyabiashara. Unga ukiuzwa nusu bei Gikomba, una wadudu. Nikalishika boksi, lina joto la hamri lililopoa. Kalamu isiyofunguliwa inatakiwa friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda nayo ni ya kutupwa. Nikamrudishia, akanuna. Shirika la Afya Duniani lilishatoa tahadhari Juni 2024 kuhusu semaglutaidi bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Kama zimefika huko, Nairobi hazishindwi njia.

Nikaishia kwenye duka la dawa la Isili, la mama mmoja mfamasia. Alisoma cheti, akampigia daktari simu mbele yangu, akaitoa kalamu kwenye friji yenye kipimajoto mlangoni, akaifunga na pakiti ya barafu iliyozungushiwa taulo ili isigande njiani. Akanionyesha kwa kalamu tupu, akanirudisha nyumbani na kijana wa boda. Jina lake silitaji, mtasema nimelipwa. Anayetaka aje kibandani nitamwelekeza.

Kuichoma ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kisindano chenyewe ni kifupi na chembamba, unaminya nyama ya tumbo, unasema Bismillahi, unabonyeza mpaka namba ifike sifuri, kisha unahesabu sita polepole kabla ya kuchomoa. Mimi hapo huwa nafumba macho, sijui kwa nini, maana hakuna cha kuona. Kuhusu stima kupotea: ukishaanza kuitumia inaweza kukaa nje ya friji wiki kadhaa mradi joto lisizidi nyuzi 30. Na Nairobi ya Julai yenyewe ni friji.

Dozi huanza ndogo, miligramu 0.25 kwa wiki nne, halafu 0.5, halafu 1, hivyo hivyo mpaka 2.4. Mwezi wa kwanza sikusikia kitu, nikasema nimeibiwa. Mwezi wa pili nikalipwa.

Ilikuwa alfajiri ya Ijumaa. Siku ya Ijumaa ndiyo siku yangu, watu wakitoka msikitini mchana huwa sipati nafasi ya kukaa. Saa kumi na moja nimeshawasha jiko, karai limejaa mafuta, mahamri ya kwanza yanafura vizuri, yanageuka rangi. Harufu ya iliki ikapanda pamoja na ile ya mafuta ya moto. Harufu hiyo imenilea, nimesomeshea watoto kwa harufu hiyo. Siku hiyo ilinishika shingo. Nikaacha upawa ndani ya karai, nikakimbilia nyuma ya kibanda, nikatapika hadi machozi. Kurudi, mahamri meusi, na mbele kuna kijana wa bodaboda ameshika shilingi zake mkononi, hajui azitoe au azirudishe. "Mama," akasema taratibu, "hizo mbaazi ni za leo?"

Muuza chakula anayetapika. Wiki mbili mauzo yalishuka. Nililazimika kuwaambia watu kwamba ni dawa, na hapo ndipo umbeya ulipoanza.

Kosa lilikuwa langu nusu, na nusu ni la walionipa ratiba bila kuniuliza nafanya kazi gani. Nilikuwa nachoma Alhamisi usiku, na kichefuchefu changu hukaa siku moja na nusu baada ya sindano. Nikaomba kuhamia Jumapili. Inaruhusiwa kubadili siku, bora kati ya sindano na sindano zipite saa 48. Jumatatu kibandani ni shwari, anayetaka hamri Jumatatu ni mwenye mapenzi ya kweli. Tangu hapo mambo yakapungua. Kilichobaki ni mbweu za mayai viza, samahani kwa mnaokula, na choo kukaza. Choo kilipona kwa mapapai na maji. Mbweu zilipona kwa kuacha kula mara tu nikisikia nimeshiba, jambo ambalo nimelijua nikiwa na miaka 61. Ladha nayo ilinichezea. Sukari niliisikia ndogo, nikazidisha, wateja wakalalamika, sasa binti yangu ndiye muonjaji. Nilipofika 1.7 tumbo likagoma kwenda mbele. Daktari akasema tubaki hapo, na hapo ndipo nilipo.

Mwenye maumivu makali ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni asingojee asubuhi, linaweza kuwa kongosho. Sindano hii inaweza pia kuleta vijiwe vya nyongo. Na kama kwenu kuna saratani ya tezi ya shingo, semeni kabla hamjaandikiwa.

Sasa nilichopata. Baada ya mwaka nimefika kilo 91. Mito imekuwa mmoja na khanga iliyokunjwa. Vifundo vya miguu nimeviona tena, kile cha kushoto kina kovu nililolisahau. Presha ya juu ilikuwa 148, sasa inacheza kwenye 134. Kitu kimoja kilipanda: mapigo, kutoka 70 hadi 75 kwa dakika. Nilishtuka nikadhani moyo unakimbia, lakini ndiyo kawaida ya dawa hii. Homoni hii ina mahali pa kushika hata kwenye kile kituo cha moyo kinachopiga ngoma. Kwangu mimi mapigo matano hayana shida. Kwa mwingine ni hadithi nyingine, nakuja.

Kliniki walinipima mwendo wa dakika 6 kwenye korido, kabla na baada. Kabla nilitembea mita 255, nikakaa kwenye kiti cha mlinzi. Juzi nimetembea 301. Kulikuwa na utafiti uliotoka mwaka 2023, watu 529 wanene wenye moyo mgumu kama wangu, nusu wakachomwa hii dawa na nusu wakachomwa maji tu, mwaka mzima. Waliochomwa dawa walipungua asilimia 13 hivi za uzito, wenzao chini ya 3. Mwendo wao wa dakika 6 uliongezeka kama mita 20, wa wenzao ukabaki pale pale. Mita 20 ukiisikia ni kama mzaha. Lakini mita 20 ndizo za kutoka kibandani kwangu hadi bombani na kurudi. Anayebeza hajawahi kushindwa kufika choo.

Jambo ambalo sikuambiwa mapema, na nalidai: dawa ya kukojoa. Nilikuwa nameza vidonge viwili vya kutoa maji mwilini kila asubuhi. Chakula kimepungua, kunywa kumepungua, maji yameshapungua mwilini, na mimi bado nameza viwili. Siku moja nimeinama kuchukua gunia la unga, nikainuka, Majengo yote ikazunguka. Nikashikwa na muuza mitumba. Walipunguza hadi kimoja siku hiyo hiyo. Ukianza sindano hii na una kidonge cha maji, uliza wiki ya kwanza, usingoje kuanguka. Ndiyo sababu Ramadhani iliyopita sikufunga, daktari alikataa, nikalipa fidia. Futari niliuza kama kawaida.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa bei. Kalamu moja inameza faida yangu ya mahamri ya wiki tatu, na bima haikutoa hata senti, walisema ni dawa ya urembo. Niliwapelekea picha ya eko. Wakajibu kwamba wamepokea picha.

Nyota hizo nne lakini ni za moyo wangu, si za moyo wako. Mdogo wangu wa kiume, anayefuatana nami, naye ana moyo dhaifu, ila ni ule mwingine. Wake umetanuka kama puto lililochoka, unasukuma asilimia 25. Alivyoniona napanda ngazi akaja jioni, akakaa kwenye benchi la wateja, akazunguka mbali sana kabla ya kusema.

"Dada, nigawie hata ya wiki moja nijaribu."

Kwanza kalamu haigawanywi, hata ukibadilisha kisindano, damu hurudi ndani kidogo na maradhi hupita. Hilo nililijua. La pili sikulijua, nikaenda naye kliniki tukaambiwa pamoja. Ndugu wa dawa hii, liraglutaidi, inayochomwa kila siku, walijaribiwa nayo watu wenye moyo kama wake. Marekani, mwaka 2016, wagonjwa 300 waliotoka hospitali karibuni: haikuwasaidia kitu. Denmark na Sweden, mwaka 2017, wagonjwa 241: moyo haukupata nguvu, mapigo yakapanda kwa kiasi cha 6, na matatizo makubwa ya moyo yakawakuta 12 kwenye dawa dhidi ya 3 kwa wasioipata. Moyo mgumu kama wangu unastahimili mapigo machache ya ziada. Ule uliochoka tunaupa dawa za kuupunguzia mbio, na hii inaufukuza kwa mjeledi. Isitoshe yeye ni mwembamba. Kumpunguza mwembamba mwenye moyo wa namna ile ni kumla nyama anayoihitaji.

Alinyamaza njia nzima ya kurudi. Tulipofika Kariokor akasema, "Basi ungeniambia mapema, ningekunywa chai ya pale kliniki." Anatumia dawa zake nne, hizo ndizo zake, na ngazi za Isili bado anazipanda kwa vituo. Tunapanda pamoja, mimi nasingizia natafuta simu.

Kuacha pia si rahisi. Walioacha katika utafiti mmoja walirudisha thuluthi mbili za uzito ndani ya mwaka. Nimemuuliza daktari hii ni mpaka lini, akaangalia kompyuta. Kwa hivyo kalamu ya mwezi ujao naitafutia chapati. Nina oda ya chapati 300 za harusi ya Pumwani tarehe 14, nataka watu wawili wa kusukuma, wanaojua kuacha donge likapumzika. Mwenye mikono aje kabla ya Alhamisi, saa kumi jioni nipo.